Huduma shufaa ya nyumbani kwa mgonjwa wa MND, Mwanza: uzoefu wangu

Nyumba iko Bugarika, kule juu ambako gari linaishia chini na mawe yanaanza. Kwa miezi kumi na moja timu ya huduma shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya ugonjwa usiopona, imekuwa ikipanda kumwona mgonjwa wetu mwenye ugonjwa wa nyuroni za mwendo (neva zinazoendesha misuli), ule unaoandikwa MND au ALS kwenye faili. Nesi anakuja kila baada ya wiki mbili, daktari mara moja kwa mwezi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anapoitwa. Naipendekeza kwa moyo wote, ila ipime kwa kile wanachokuachia na kukufundisha, usihesabu ziara. Ugonjwa huu hauna tiba. Unamaliza nguvu za mikono, miguu, koo na kifua huku mgonjwa akihisi kila kitu, na mara nyingi akili yake ni timamu. Kupaliwa hutokea saa nane usiku, na saa hiyo ni wewe uliyepo.

Somo lenye thamani kuliko yote lilikuwa la mate. Mgonjwa hazalishi mate mengi kuliko mtu mwingine, anashindwa kuyameza. Nesi alitufundisha kutofautisha aina mbili, kwa sababu dawa ya moja inaharibu nyingine. Mate mepesi yanamwagika kama maji, yanalowesha kola na mto. Hayo daktari aliyapunguza kwa amitriptyline, nusu ya kidonge cha mg 25 wakati wa kulala. Makohozi mazito ni jambo jingine: yanavutika kama ulimbo, yamenata nyuma ya ulimi, kifua kinakoroma na kikohozi hakina nguvu. Ukiongeza dawa ya kukausha hapo, unayageuza gundi. Yanataka mgonjwa apate maji ya kutosha, mvuke wa maji ya chumvi kwa nebulaiza (mashine inayogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta), na juisi ya nanasi kidogo sana kwenye mswaki laini wa mtoto, unafuta ulimi na kuta za mashavu. Nanasi za Geita zinayakata vizuri, lakini kama mdomo una vidonda acha, zinachoma. Usitumie kidole: taya la mgonjwa wa namna hii linaweza kubana ghafla bila yeye kutaka.

Kumsaidia kukohoa nako kuna namna yake. Mkalishe, weka viganja viwili chini kidogo ya mbavu, avute pumzi kadiri awezavyo, na anapokohoa, wakati huohuo tu, sukuma ndani na juu. Kama amekula, subiri saa moja ipite.

Mashine ya kunyonya makohozi walitukopesha, na ina betri ndani. Isiyo na betri usiipokee. Kila jioni tunaijaribu: unaiwasha, unaukunja mpira uzibe, unatazama mshale. Ukipanda mpaka 150 (mmHg, kipimo cha nguvu ya kunyonya), mashine ni nzima. Usipopanda, usikimbilie kusema mota imekufa. Kwetu mara zote ilikuwa moja kati ya mawili: mfuniko wa chupa haujakaa sawasawa kwenye ule mpira wa duara wa kuzibia, au kichujio kimelowa. Kichujio hulowa chupa ikiachwa ijae, kwa hiyo imwage ikifika theluthi mbili. Kikishalowa kinabadilishwa, hakianikwi juani, na vichujio vya akiba uviombe siku ileile unayopokea mashine, maana kuvipata baadaye ni kazi. Kwenye kunyonya tunaweka kati ya 100 na 150, mpira namba 14, unapita ndani ya mashavu na sehemu ya mbele ya mdomo tu, sekunde 10 hadi 15, kisha mgonjwa anapumzika. Ukiusukuma kooni unamtapisha na unaweza kumtoa damu. Tukimaliza tunavuta maji yaliyochemshwa na kupoa kupitia mpira huohuo. Chupa inaoshwa kwa sabuni, inalowekwa kwenye Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, dakika kumi, kisha inasuuzwa.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni nzito. Mgonjwa alianza kuamka kichwa kinamuuma, anasinzia mchana, hawezi tena kulala chali. Hizo ni dalili kwamba misuli ya kifua haitoi hewa chafu ipasavyo usiku. Mhudumu wa zamu alishauri tukodi mtungi wa oksijeni. Ulikuwa umeshapandishwa mlimani kwa mabega ya vijana wawili ndipo daktari alipokuja na kuukataza. Kwenye ugonjwa huu kinachoshindwa ni ile misuli inayovuta na kutoa pumzi. Oksijeni ikitolewa peke yake inaweza kupunguza msukumo wa kupumua, kaboni dayoksidi, ile hewa chafu, ikarundikana kwenye damu, na mgonjwa akalala usingizi mzito wa hatari huku kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma vizuri. Kinachofaa ni mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, BiPAP, ambayo ni ghali na inahitaji inverta na betri kabla hujaileta ndani. Kila mhudumu anayeingia nyumba yenye MND angepaswa kulijua hili kabla ya ziara yake ya kwanza, na niliwaambia hivyo.

Bila BiPAP tunamwegemeza kwa mito nyuzi 45 hivi, na feni inapuliza usoni. Upepo wa ziwa ni wa mchana. Usiku hugeuka, chumba kinakuwa kizito. Nunua feni ya kuchaji.

Morfini ya maji wengi wanaiogopa, wanadhani ikianza ndiyo mwisho. Kwa pumzi inayobana ilisaidia kuliko kitu chochote tulichojaribu. Daktari alianza na mg 2.5 kila saa 4. Chupa yetu ni mg 5 kwa ml 5, basi dozi ni ml 2.5, inapimwa kwa bomba lisilo na sindano, kamwe si kwa kijiko. Soma lebo ya kila chupa mpya, kwa kuwa nguvu zake hutofautiana. Safari ya kwanza waliitoa bila kilainishi cha choo, na siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Usikubali morfini bila bisacodyl siku hiyohiyo. Jambo jingine: dawa inatolewa siku za kazi tu. Dozi sita kwa siku ni ml 15, chupa ya ml 100 haimalizi wiki. Kagua chupa kila Jumatano.

Chakula kwa ufupi: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na chochote kinachomeguka chembechembe achana nacho. Maji matupu ndiyo yanayompalia kuliko uji mzito. Sangara wa mnofu ni salama kuliko sato mwenye miiba, amepondwa ndani ya supu iliyokolea. Ameze kidevu kikielekea kifuani, akae wima nusu saa baada ya kula. Mpira wa kulishia tumboni uuliziwe mapema, kabla pumzi haijapungua sana, kwa sababu baadaye hata kuuweka kunakuwa hatari.

Bango la herufi tulilitengeneza wenyewe kwa maelekezo ya nesi. Mistari mitano, kila mmoja unaanza na irabu: A B CH D, E F G H, I J K L M N, O P R S T, U V W Y Z. Unasoma namba ya mstari, mgonjwa anainua macho. Unasoma herufi moja moja, anainua tena. MTO ni mstari wa tatu herufi ya tano, wa nne herufi ya tano, wa nne herufi ya kwanza. Usimalizie neno kabla hajakubali. Ukipata MT unaweza kukimbilia mto kumbe anaita mtoto.

Anzeni kulitumia sauti ikiwa bado ipo. Kwa bango hilo mzee alijibu maswali ya daktari: mpira wa tumbo, ndiyo, mashine ya kupumulia kupitia tundu la kooni, hapana, kubebwa kushushwa mlimani usiku pumzi ikibana, hapana, apewe dawa papo hapo alipo. Karatasi yenye majibu hayo imebandikwa juu ya mashine ya kunyonya, na chini yake namba ya nesi kwa kalamu nene, isomeke kwa mwanga wa tochi.