Kitochi cha Laini Mbili kwa Kipimo cha Martin Cooper

Wauzaji wa simu hupenda kukuonyesha kamera kwanza. Kitochi (simu ndogo ya batani) ninachokizungumzia hapa, cha laini mbili, nilichokinunua Kariakoo kwa pesa isiyofika shilingi 40,000, kina kamera isiyostahili sentensi ya pili, kwa hiyo nimeona ni haki kukipima kwa kipimo cha mhandisi aliyeongoza kazi ya kutengeneza simu ya kwanza ya mkononi, yaani Martin Cooper wa kampuni ya Motorola.

Tarehe 3 Aprili 1973, Cooper alisimama kando ya barabara ya Sixth Avenue jijini New York akampigia Joel Engel, mhandisi wa maabara shindani ya Bell, kumjulisha kwamba anaongea naye kwa simu aliyoishika mkononi. Simu zisizo na waya zilikuwapo kabla ya siku hiyo, ila zilifungwa ndani ya magari, na hata wazo la kuligawa eneo katika seli nyingi ndogo, kila moja ikihudumiwa na mnara wake, lilikuwa limeandikwa na watu wa Bell tangu 1947. Mchango mkubwa wa Cooper, kwa maoni yangu, ni kushikilia kwamba namba ya simu iwe ya mtu, si ya nyumba, ya meza wala ya gari. Anayekumbuka enzi za kupiga simu ofisini kwa watu na kuomba fulani akaitwe atauelewa uzito wa jambo hilo.

Katika hili kitochi kinafaulu vizuri. Laini husajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe, na namba hiyohiyo ndiyo inayopokea pesa za mauzo na kulipia umeme kwa kubonyeza *150*00# ya M-Pesa au menyu ya mtandao mwingine, bila bando la intaneti. Menyu hufunguka upesi, ingawa ukichelewa kuandika namba ya siri hukatika na kukulazimu kuanza upya.

Kwa upande wa chaji, simu ya Cooper ilikuwa na uzito unaozidi kilo 1, iliongea kwa takriban nusu saa na kuchajiwa kwa saa 10. Mwenyewe amewahi kutania kwamba betri haikuwa tatizo, kwa kuwa hakuna mkono ambao ungeliinua tofali lile kwa muda mrefu zaidi. Toleo lililoingia sokoni baada ya miaka 10 liliuzwa dola 3,995. Kitochi changu hukaa na chaji siku kadhaa hata nikipiga simu nyingi, na betri yake ikichoka huchomolewa kwa ukucha na kuwekwa nyingine, jambo ambalo simu janja nyingi za leo zimetunyima.

Sauti ya sikioni ni kubwa na inaeleweka hata ndani ya daladala, lakini maikrofoni hushindwa na upepo, na anayepiga akiwa juu ya bodaboda atajikuta akirudia kila neno. Kasoro inayoniudhi zaidi ni nyingine: unapoongea kwa laini moja, anayekupigia kwa ile ya pili huambiwa hupatikani, na muuzaji hakunidokezea hilo. Batani ni ngumu kwa mwandishi wa meseji ndefu. Tundu la chaji lilianza kulegea mapema mno.

Mwenye safari za nje akumbuke pia kwamba kitochi hiki kinatumia 2G pekee, yaani mtandao wa zamani wa kizazi cha pili, na katika nchi ya Cooper mwenyewe kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa aina hiyo mwishoni mwa 2016.

Ningemnunulia tena mzazi aliyeko kijijini, au mfanyabiashara anayetaka kutenga namba ya pesa na namba ya maongezi. Anayetegemea WhatsApp kikazi aongeze pesa anunue simu janja. Kabla ya kulipa, weka laini zako zote mbili humo, piga simu kwa moja huku mwenzako akiijaribu nyingine, kisha chomeka chaja na uitikise kidogo uone kama inaendelea kuchaji.