Sint-Janshospitaal, Brugge: Jumba la Sanaa Ndani ya Wodi za Kale

Mimi ni muuguzi, na nilipofika Brugge, nchini Ubelgiji, sikuanza na makanisa wala mifereji yake, bali nilikwenda moja kwa moja Sint-Janshospitaal, hospitali iliyoanzishwa katika karne ya 12 ambayo leo ni jumba la makumbusho ya sanaa.

Wodi za zamani ni ukumbi mmoja mkubwa wenye nguzo za mawe, na nilipouingia nilijikuta nakadiria vitanda vingapi vingeenea humo. Jibu limo katika mchoro wa Jan Beerblock wa mwaka 1778, unaoonyesha wodi hizo hizo zikiwa kazini, vitanda vya mbao vikiwa safu kwa safu na watawa wakiwahudumia wagonjwa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa nilichokiona ndicho ninachokifanya kila zamu.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba nyingi ya kazi mashuhuri za Hans Memling, mchoraji wa karne ya 15, zilizomo humu hazikuletwa baada ya wagonjwa kuondoka, bali zilichorwa kwa ajili ya hospitali hii yenyewe. Picha yake ya altareni ya mwaka 1479 ina mabawa yanayofungwa kama milango ya kabati, na upande wake wa nje wamechorwa mabruda na masista wa hospitali wakiwa wamepiga magoti, kila mmoja akiwa na mtakatifu wake nyuma yake. Ni mara chache sana nimeona wahudumu wa wagonjwa wakipewa heshima ya namna hiyo. Sanduku la masalia ya Mtakatifu Ursula, la mwaka 1489, limetengenezwa kwa umbo la kanisa dogo lililopakwa dhahabu, nalo hulipiti haraka; inama, utazame merikebu na mji wa Cologne, ambako hadithi husema Ursula aliuawa, vilivyochorwa kwa uangalifu wa ajabu.

Usiondoke bila kuingia katika duka la dawa lililo jirani, lililofanya kazi tangu mwaka 1643 hadi 1971, ambako mitungi ya dawa ingali imepangwa rafuni. Nilitumia nusu siku nzima, na kwa yeyote anayefanya kazi hospitalini ningeshauri asitenge muda mfupi kuliko huo.