Taa ya Kijani Haitoshi: Tathmini ya Alama za Kulishika Gari Katikati ya Leni katika Toyota Corolla Touring

Corolla Touring iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Septemba 2019 bado inaruhusiwa kuingia Kenya ikiwa imetumika, kwa kuwa sheria yetu hupokea magari yasiyozidi miaka minane. Hata hivyo, ujumbe unaotokea kwenye dashibodi huwa umeandikwa kwa Kijapani, na mwenye gari asiyeisoma lugha hiyo hubaki na picha na rangi tu za kumweleza gari linafanya nini. Ndiyo maana naona alama za mfumo wa kulishika gari ndani ya leni zinastahili kupimwa kwa uzito uleule tunaoupimia injini.

Mfumo wenyewe hufahamika kwa herufi LTA (Lane Tracing Assist), nao una kazi mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza ni kumwonya dereva gari linapoanza kutoka kwenye leni na kuugeuza usukani kidogo ili lirudi. Ya pili, inayowavutia wanunuzi zaidi, ni kulishika gari katikati ya leni mfululizo, na hii haifanyi kazi mpaka udhibiti wa mwendo unaotumia rada uwe umewashwa na unaendesha gari kwa kasi uliyoichagua.

Taa ya LTA ikiwa nyeupe, mfumo umewashwa. Ikigeuka kijani, usukani unasaidiwa. Ikimetameta kwa rangi ya machungwa, gari linatoka kwenye leni. Rangi hizo zimechaguliwa vizuri na dereva hahitaji kufundishwa mara mbili. Dosari ninayoiona ni kwamba kijani hicho hicho huwaka kwa kazi zote mbili, hivi kwamba dereva anayeitazama taa peke yake anaweza kuamini gari linajishika katikati, ilhali limepewa msukumo mfupi tu wa kulirudisha. Jibu sahihi liko kwenye skrini ya msaada wa uendeshaji: alama ikionekana nje ya mistari yote miwili ya leni iliyochorwa hapo, gari linashikwa katikati, ikionekana upande mmoja, ni ule msukumo wa kurudisha, na pande zote mbili zikimetameta, dereva anatakiwa alielekeze gari katikati kwa mikono yake mwenyewe. Ninawasihi wanaonunua gari hili waiache skrini hiyo wazi wakati wote wanapotumia mfumo, badala ya kubaki na ile ya matumizi ya mafuta.

Alama ninayoithamini kuliko zote ni ya mistari yenyewe. Ndani ya mistari iliyochorwa kukiwa na weupe, kamera imeitambua leni. Kukiwa na weusi, haijaitambua, au kazi imesimama kwa muda. Kwenye barabara ya kulipia ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27, rangi ya mistari huonekana wazi. Lakini pale ambapo mistari imefutika au imefunikwa na vumbi, weusi huo ndio unaokwambia kwamba uongozi wa gari umerudi mikononi mwako, na inafaa uutazame kabla ya kuingia kwenye kona, si baada yake.

Iko alama nyingine ambayo wauzaji hawaitaji sana, nayo ni picha inayoonyesha kwamba gari linajiongoza kwa kulifuata gari lililo mbele. Picha hiyo ikiwa imewaka, gari la mbele likihama upande, lako linaweza kuhama vivyo hivyo. Kwenye barabara ya Mombasa, ambako malori hukwepa mashimo na magari yaliyoharibika kandokando, hilo si jambo la kupuuzwa hata kidogo. Nikiiona alama hiyo nikiwa nyuma ya lori, ninauzima mfumo kwa swichi iliyo kwenye usukani na kuendesha mwenyewe mpaka nilipite.