Balki katika besiboli: mpira ufe papo hapo au mchezo uendelee?

Mkimbiaji yuko kituo cha kwanza. Mrushaji anaanza kurusha, anasita kidogo, kisha anaachia mpira. Hiyo ni balki, yaani kosa la mrushaji katika urushaji wake.

Kwa kanuni za NFHS, za shule za sekondari Marekani, mpira umekufa hapo hapo. Mwamuzi anapaza sauti, kila kitu kinasimama, kazi yake nyepesi. Lakini mpigaji akiutoa mpira huo nje ya uzio, pigo lake linafutwa! Hilo huniuma, maana aliyekosea ni mrushaji.

Kwa MLB, ligi kuu ya besiboli ya kulipwa, mwamuzi hutamka balki na kusubiri. Mpigaji na wakimbiaji wote wakisogea angalau kituo kimoja, matokeo yanabaki. Haki zaidi, ila macho yafuate kila mkimbiaji.

Kwa waamuzi wanaojifunza, ningechagua ya kwanza. Wazoefu, ya pili.