Muuzaji aliua upinde wangu wa kwanza mbele ya macho yangu, kisha akanisingizia mimi

Nimekaa na hasira hii tangu mvua zilizopita, nikijiambia nitaandika ikipoa. Haijapoa. Kwa hiyo nasema wazi: kuna duka la vifaa vya michezo hapa Lubumbashi ambalo mtu anayeanza kupiga upinde asikanyage. Jina silitaji. Ukiingia ukamkuta mwenye duka anavuta ugwe na kuuachia bila mshale ili kukuonyesha nguvu ya bidhaa zake, umefika.

Nilikuwa nataka upinde wa kienyeji, ule usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea. Ubao, ugwe, mkono na jicho, basi. Na sikwenda kubahatisha. Nilijua nataka upinde wa vipande vitatu, mshiko katikati na matawi mawili yanayokazwa kwa skrubu, nguvu yake ratili 25 au zisizidi 30. Upinde ukikuzidi nguvu, mabega yanapanda, mkono unatetemeka, unaachia mshale kabla vidole havijafika kwenye kona ya mdomo, na tabia hiyo ikishakuingia kuitoa ni kazi ya miaka. Uzuri wa vipande vitatu ni kwamba misuli ikizoea unanunua matawi mengine tu, mshiko unabaki uleule. Pia nilijua kwamba ratili zinazoandikwa kwenye tawi zinapimwa ugwe ukivutwa hadi inchi 28. Mimi mikono yangu ni mifupi, sifiki hapo, na kila inchi inayopungua inapunguza kama ratili mbili hivi.

Mwenye duka hakuuliza urefu wa mikono yangu. Hakuuliza ni jicho gani nalengea. Alinishushia upinde wa ratili 45.

“Papa, naomba wa 25, au 30.”

“Mama, hii si kitu ya bamama. Chukulia bwana yako hii ya nguvu.”

Nikamwambia mimi ndiye nitakayevuta. Akamgeukia kijana wake wa dukani, wakacheka wote wawili.

Maneno hayo anayasema Katanga! Hapa ambapo masimulizi ya ufalme wa Baluba yanaanza na Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na upinde wake, ambaye mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyeushika ufalme. Wafalme wale walikuwa na vinara vya kuwekea upinde, vyenye panda tatu juu kama uma, na chini ya panda hizo fundi alichonga nani? Mwanamke. Anasimama wima, mikono kifuani, ameubeba upinde wa mfalme. Vipo kwenye majumba ya makumbusho hadi Ulaya, watu wanapanga mstari kuvitazama. Halafu mtu wa mji huuhuu ananiambia upinde si wa bamama. Hata huko kwa wengine, mwaka 1908 kwenye Olimpiki ya London, Queenie Newall wa Uingereza alichukua dhahabu ya upinde akiwa na miaka 53. Timu ya wanawake ya Korea Kusini haijaikosa dhahabu ya Olimpiki hata mara moja tangu 1988 hadi Paris 2024. Yote hayo nilimwambia pale pale, kwa sauti, na wateja wengine wakaacha walichokuwa wanafanya.

Ikabidi akatoe wa ratili 30 ndani. Ulikuwa mzuri, lazima niseme hivyo. Mshiko wa mbao za rangi mbili, umelainishwa vizuri, unakaa kiganjani kama ulipimwa. Akauvalisha ugwe kwa kupitisha mguu katikati na kuubinya kwenye paja, mtindo unaopinda tawi moja upande, wakati kamba ya kuvalishia inayokunja matawi yote mawili sawasawa imening'inia ukutani nyuma yake, anaiuza! Kisha, kwa dharau tu, akauvuta hadi mwisho na kuuachia. Hakuna mshale. Pwaa!

“Ona, ni ya kuchezea batoto.”

Nilipiga kelele. Asiyejua aelewe kilichotokea: mshale ndio unaobeba nguvu yote iliyomo kwenye matawi. Usipokuwepo, nguvu hiyo haina pa kwenda, inarudi kwenye matawi yenyewe na kwenye ugwe, na upinde unaweza kupasuka hapo hapo au ukaumia ndani kimyakimya. Nilimwambia anipe mwingine. Akasema matawi ya 30 yako hayo tu, na mbele ya kijana wake akaahidi: “Ikipasuka utarudisha, mama, niko hapa.” Nikalipa dola zake.

Nyumbani nilifanya kila kitu taratibu. Magunia yaliyoshindiliwa nguo kuukuu, nyuma yake kichuguu kikubwa cha kuzuia mshale unaopotea (sisi wa Katanga Mungu ametupa vichuguu, mtu asiseme hana pa kufanyia mazoezi). Mishale nilitafuta kwingine, yenye manyoya ya ndege, kwa sababu ile ya dukani ina mabawa ya plastiki, na plastiki ikipita juu ya mshiko usio na kishikilia mshale inagonga na kuurusha mshale pembeni. Manyoya yanalala yakipita. Siku za mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwenye mchezo mwingine wowote.

Kisha nikaanza kusikia tik, kidogo, kila nikivuta. Nikachukua pamba, nikaipitisha polepole kwenye kila tawi, kuanzia kwenye mshiko kwenda nchani, juu na chini. Tawi la chini, karibu na ncha, pamba ikanasa. Vinyuzi vyake vyeupe vilibaki vimesimama pale, na nilipoinamia karibu nikaona ufa mwembamba kuliko unywele, tabaka la faiba limeanza kuachana na ubao. Tawi la namna hiyo halivutwi tena. Likikatika mikononi mwako, vipande vinaruka usoni.

Nikarudi dukani. Yule baba hakulishika hata hilo tawi. “Ni weye uliharibisha, mama. Nilikuambia hii kitu si ya bamama.” Kijana wake, aliyesikia ahadi kwa masikio yake, akatazama chini. Wala simlaumu huyo, anakula hapo. Lakini baba mzima, mwenye mvi, kumsingizia mteja kosa ulilolifanya mbele yake, na kuweka jinsia yake juu kama ushahidi! Nilitoka nikitetemeka.

Nilipoanza kuandika hapa nilitaka niseme aina ile ya upinde haifai kabisa. Sitasema hivyo, maana si kweli. Shemeji yangu aliniletea matawi mengine kutoka Afrika Kusini, yakapita mpakani Kasumbalesa salama, ratili 25 safari hii, na matundu ya skrubu yakakubaliana na mshiko wangu bila shida. Si kila mshiko na kila tawi hukubaliana, pimeni kabla hamjatoa pesa. Tangu hapo upinde huu unanifanya niamke mapema. Mishale inaingia kwenye gunia karibu karibu, bega halinitoneshi, na binti yangu sasa anataka wake. Kwa upinde wenyewe natoa nyota tano, na ningeununua tena kesho.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kuandika kwamba nendeni tu dukani kwake, mvumilie mdomo wake, maana bei yake si mbaya na mjini hapa hakuna pengi pa kuchagua. Hapana. Nikikumbuka kile kicheko nafuta. Hajanirudishia hata franka moja ya matawi aliyoyaua, na mpaka pesa hiyo iwe mkononi mwangu, duka lake halipati nyota kwangu.

Ila kama huna njia nyingine, matawi yatoke kwenye plastiki yake mbele yako, yapitishie pamba kabla ya kulipa, uvalishe ugwe mwenyewe kwa kamba yake. Na akinyoosha mkono kutaka kukuonyesha nguvu, mnyang'anye upinde.