Boksi la muvi nne za Claudia Cardinale, na sauti yake iko kwenye diski moja tu

Hili boksi nimelinunua elfu 35 Kariakoo kwa jamaa mmoja anaeuza diski za zamani, jina simtaji maana bado nataka kurudi kwake. Ndani kuna diski nne, zote za Claudia Cardinale, yule dada wa Kitaliano aliefariki Septemba 2025 akiwa na miaka 87. Nyuma ya kava wameandika kwa herufi kubwa SAUTI HALISI. Ugomvi wangu umeanzia hapo.

Kwanza mjue huyu Mtaliano ni wa kwetu Afrika. Kazaliwa Tunisia 1938, La Goulette, kule bandarini jirani na Tunis mjini, wazee wake asili yao Sisili. Nyumbani wanaongea Kisisili, shule Kifaransa, akitoka nje Kiarabu cha pale pale, Kitaliano chenyewe amekuja kukijulia ukubwani. 1957 akachaguliwa Mtaliano mrembo kuliko wote Tunisia, zawadi ikawa safari ya kwenda tamasha la filamu Venice, na huko ndo wenye muvi wakamuona wakaanza kumfukuzia.

Sasa tatizo sauti. Huyu dada ana sauti nzito ya kukwaruza, kama mtu umempigia simu saa kumi na moja alfajiri, halafu Kitaliano chake kina lafudhi ya Kifaransa. Wakubwa wakaona haiendani na ile sura, basi muvi baada ya muvi wanampachikia sauti ya mwanamke mwingine. Na kule Italia enzi hizo kuingiza sauti studio baadae ilikuwa jambo la kawaida tu kwa kila mtu. Sisi tuliokulia kibanda umiza hatuna ushamba na hilo, tumeshaona mtu mmoja anamsemea steringi, adui, mama mkwe, mpaka farasi, ila pale unajua kabisa anaongea DJ, hakuna alokudanganya kwenye kava.

Diski ya kwanza La ragazza con la valigia ya 1961. Anacheza msichana aliepigwa chini na mwanaume, amebaki na begi lake tu, halafu mdogo wake huyo mwanaume, dogo wa miaka 16, ndo anampenda kweli kweli. Kuna sehemu anashuka ngazi katoka kuoga, taulo kichwani, dogo kamuwekea santuri ya Verdi ya kumuimba Aida kwa sababu na yeye kwenye muvi anaitwa Aida, basi kamera haina haraka, inamsubiri ashuke. Nimerudisha nyuma mara tatu. Sauti ni ya Adriana Asti.

Ya pili Il Gattopardo ya dairekta Visconti, 1963. Hapa nimepigwa, kwenye boksi wamesema ndefu kamili kumbe ni ile ya Kiingereza iliyokatwa, kama dakika 161, wakati ya Kitaliano inafika 185. Ahueni ni kwamba steringi Mmarekani Burt Lancaster humu anaongea mwenyewe. Claudia wala. Nikafanya ujanja, pale kwenye chakula cha jioni anapoangua kicheko mbele ya mabwanyenye nikazima sauti kabisa nikabaki na uso. Jamani. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo wote wazi, meza nzima wanaganda kama kuna mtu kavunja sahani. Haihitaji sauti ya mtu hiyo.

Ya tatu ndo iliyonifanya niandike haya yote, 8½ (nane na nusu) ya dairekta Fellini, nayo 1963. Walikuwa wanazishuti kipindi kimoja, Visconti anataka nywele nyeusi, Fellini anazitaka ziwe na mwanga kidogo, dada wa watu anapaka rangi huku anabadilisha kule. Ila Fellini ndie alisema aongee mwenyewe. Humo haonekani sana, nakushauri usubiri mpaka mwishoni yuko na steringi Mastroianni usiku kwenye gari, jamaa anajielezea wee, yeye anajibu huku anacheka kwamba huyo mtu hajui kupenda, anarudia na kurudia. Kile kisauti cha mikwaruzo! Mimi nilikuwa na chai mkononi ikapoa.

Na mkumbuke wakati huo alikuwa na mtoto, Patrick, kamzaa London 1958 baada ya kubakwa, na prodyuza Franco Cristaldi ndie alieshika mkataba wake, dunia ikaambiwa ni mdogo wake. Miaka kibao mtoto anamuita dada mama yake mzazi. Nilivyojua hili nikairudia ile diski ya tatu, sikuiangalia tena vile vile.

Ya nne Once Upon a Time in the West, 1968, ina mchubuko. Anashuka kwenye treni, hakuna aliekuja kumpokea, anaangalia saa, anaingia ofisi ya stesheni, muziki wa Morricone unapanda, kamera nayo inaanza kupanda juu ya paa tuuone mji, PAP, imeganda. Nikaipaka dawa ya meno, ile tiba yetu wote, nikaifuta na kitambaa cha miwani, ikapita. Picha safi, rangi nzuri, ila Kiingereza humo wamemuongelea tena.

Nyota tatu na nusu. Diski ya nane na nusu peke yake ningeilipia elfu 20 bila kulalamika.

Nimemrudia muuzaji juzi nikamuonesha ile kava, nikamwambia bro, diski tatu kati ya nne huyu mama haongei mwenyewe, umeandika sauti halisi. Kaigeuza geuza, kaniangalia, "Kaka, lakini sauti si inatoka?"