Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya mtumba: fungua kava kabla ya kuuliza bei

Nilinunua kadi ya grafiki ya RX 580 nikaifunga kwenye Dell OptiPlex 7010 yangu kwa adapta ya waya niliyopewa dukani. Windows ikawaka vizuri. Mechi ilipoanza tu, kompyuta ikazima kama LUKU imeisha. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Ila ile RX 580 inaweza kuvuta wati 185, na powasaplai (kile kiboksi cha kugawa umeme ndani) ya mashine nzima ni wati 275.

Kwa hiyo soma kwanza stika ya powasaplai. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu), hutoa wati 75, basi. Kadi yenye njaa zaidi ina soketi ubavuni: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 wati 150. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa kuingia kwenye soketi hiyo, na adapta haizalishi umeme.

Kama tayari una kadi na gemu inakwamakwama, angalia waya wa HDMI wa skrini usije ukawa umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Usicheke, hutokea sana. Kisha fungua Task Manager gemu ikiendelea: prosesa ikiwa 100% na kadi imetulia 50%, kadi mpya ni hela ya kutupa.

Kwa kompyuta isiyo na waya huo, kwangu namba moja ni RTX 3050 yenye memori ya GB 6, iliyotoka 2024. Hula wati 70, na matoleo mengi hayana soketi ya ziada. Soma boksi vizuri, maana ya GB 8 hufika wati 130 na muuzaji ataziita zote "3050".

Mfuko ukikataa, GTX 1650 ya mtumba: wati 75, GB 4, GTA V na Valorant zinakwenda bila shida. Yako isiwe na soketi ya pini 6. Yapo matoleo yanayoihitaji.

Ya tatu ni RX 6400, wati 53, kwa wenye kasha jembamba tu. Inatumia njia 4 tu za data za PCIe, hivyo kwenye mashine ya zamani hupoteza kasi.

GTX 1050 Ti nimeiweka mwisho, si kwa ubaya wake bali kwa sababu ya feki. Kuna kadi za kizamani zilizobadilishwa jina kwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya uongo. Nenda na GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi, uiendeshe kabla hujatoa hela. Ikigundua ujanja huandika FAKE. Na ukiona RX 580 ya "2048SP", hiyo kwa ndani ni sawa na RX 570.

Ukiamua kubadilisha powasaplai, ruka RX 580, chukua RX 6600: wati 132, GB 8, na ina kasi zaidi. Lakini OptiPlex 9020 ina plagi ya Dell ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya 24, kwa hiyo utahitaji adapta yake.

Umeme nao uhesabu. Saa 4 kila siku kwa wati 185 ni kama uniti 22 kwa mwezi. Kwa wati 70, kama 8. Skrini yako ikiwa ya Hz 60, yaani inaonyesha picha 60 kwa sekunde, weka kikomo cha fremu (picha hizo) kuwa 60 ndani ya gemu. Mimi nilibadilishana na jamaa, nikachukua 1650, na tangu nifunge fremu feni yake siisikii tena usiku.